Soba hausi au metadoni? Anza na siku ya kutoka

Familia ikishakubali kwamba kijana wao anabwia unga, mjadala huhama haraka. Juzi walikuwa wanabishana kama anatumia au hatumii, leo wanabishana apelekwe wapi. Shangazi amesikia habari za soba hausi moja Bagamoyo. Kaka mkubwa anasema metadoni ni bure, tena ipo Mwananyamala, ya nini kutoa hela kila mwezi. Baba anataka apelekwe kijijini tu, mbali na marafiki zake. Kila mmoja ana mfano wa mtu aliyepona kwa njia anayoipendekeza yeye, na mfano wa aliyeshindwa kwa njia ya mwenzake.

Nawaandikia watu wa kikao hicho. Soba hausi, nyumba ambako mraibu hukaa na waraibu wenzake ili aache, na metadoni, dawa ya kliniki inayoshika nafasi ya heroini, nitaziweka sambamba, na hospitali nitaigusa pale inapolazimu. Msimamo wangu nautaja mapema ili usome ukiujua: wengi huchagua kwa kuangalia namna mgonjwa atakavyoingia. Atakubali? Atatoroka? Arosto, yale mateso ya mwili unapokosa kilevi, ataiwezaje? Hayo ni ya kuuliza, lakini kama kilevi ni heroini, swali la kwanza liwe siku atakapotoka. Arosto ya heroini inatisha kuitazama na ni mara chache inaua. Hatari kubwa ya kufa huja baada ya kutoka, mwili ukiwa safi na familia ikiwa imeshaanza kupumua.

Njia zenyewe

Soba hausi, ambazo kwenye karatasi za serikali huitwa nyumba za upataji nafuu, zilianza kujulikana kwetu kupitia Zanzibar. Mwaka 2009 Suleiman Mauly, aliyewahi kuwa mraibu mwenyewe, alifungua nyumba Unguja kwa kushirikiana na Detroit Recovery Project ya Marekani, na ndiyo maana hadi leo utasikia watu wakisema fulani "alipitia Detroit" na hajawahi kukanyaga Marekani. Mfumo huo ukasambaa Pemba, Tanga, Bagamoyo, Dar es Salaam na kwingineko. Msingi wake ni hatua 12 za Narcotics Anonymous (NA), chama cha waraibu kilichoanzia California mwaka 1953: unakubali kwamba umeshindwa peke yako, unaacha kila kilevi, na unasaidiwa na waliokutangulia. Wanaoziendesha, kwa sehemu kubwa, ni watu waliotumia wakaacha.

Metadoni ilianza Hospitali ya Taifa Muhimbili Februari 2011, kisha Mwananyamala na Temeke, baadaye mikoani na Zanzibar. Kenya ilifungua kliniki ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, na mwaka uliofuata pwani ikapata zake, Malindi na Mombasa. Ni dawa ya maji inayonywewa mara moja kwa siku. Iko kwenye ukoo mmoja na heroini lakini inafanya kazi polepole kwa saa 24 au zaidi, kwa hiyo inazuia arosto na kiu bila kumlevya mtu aliyeizoea.

Hospitali ni njia ya tatu, na kwa watu fulani ndiyo pekee ya kuanzia.

Anatumia nini hasa?

Kabla hamjalinganisha chochote, jueni kilevi. Ulizeni kwa upole, tena ulizeni kuhusu vyote, kwa kuwa wengi huchanganya.

Kama ni pombe, ya viwandani au chang'aa au gongo, na mtu anakunywa kila siku tangu asubuhi, msimpeleke moja kwa moja kwenye soba hausi isiyo na daktari. Pombe ikikatwa ghafla kwa mtu wa namna hiyo, anaweza kupata degedege ndani ya siku moja au mbili, na siku ya tatu hivi akaanza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo na kuchanganyikiwa. Hali hiyo inaua. Vidonge vya valiamu na ndugu zake vina hatari ya aina hiyo hiyo. Huyu anaanzia hospitali, anapunguziwa kwa dawa chini ya uangalizi, kisha ndipo soba hausi inamfaa, na inamfaa sana. Kwa upande wa metadoni hana lake: haitibu pombe, haitibu bangi, haitibu kokeini wala mirungi. Nimesikia wazazi wakimwombea metadoni kijana wa bangi. Kwa mtu ambaye mwili wake haujazoea heroini, dozi anayokunywa mgonjwa wa kawaida wa kliniki inaweza kumuua.

Kama ni heroini, arosto huanza saa sita hadi kumi na mbili hivi baada ya kete ya mwisho, yaani kifurushi kidogo cha unga. Mafua yasiyo mafua, miayo, jasho, vipele vya baridi, tumbo kukata, kuhara, kutapika, mifupa kuuma, usingizi kupotea. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi, na ndani ya wiki moja mwili huwa umetulia, ingawa usingizi na moyo huchelewa kurudi. Hatari yake kubwa ni kuishiwa maji, basi anywe ORS, yale maji ya chumvi na sukari anayopewa mtu anayehara, hata kwa kijiko. Soba hausi nyingi humpitisha mtu humo kwa maji ya kuoga, uji, kukandwa na kukeshewa na wenzake. Metadoni inaiondoa arosto, lakini pole pole: dozi huanza ndogo na kupandishwa kwa siku kadhaa, kwa hiyo wiki ya kwanza mgonjwa bado atalalamika. Hapo ndipo wengine huongezea kete au valiamu juu yake, na kuchanganya huko ndiko kunakozima pumzi.

Siku ya soba, siku ya dirishani

Ndani ya soba hausi siku huanza alfajiri. Wenye kuswali wanaswali, wenye zamu ya usafi wanapiga deki, mwingine yuko jikoni anakoroga uji. Baada ya chai wote wanakaa duara kwa mkutano wa asubuhi. Kila mtu anajitaja: "Mimi ni fulani, ni mraibu," na wenzake wanamwitikia. Anasema alivyolala, kama kiu ilimjia, kama alimkasirikia mtu. Mchana kuna darasa la hatua, kazi za zamu, mpira jioni, mkutano mwingine usiku. Simu hakuna kwa wiki za mwanzo, wageni hakuna, na mzigo unaoletwa na ndugu hupekuliwa hadi ndani ya sabuni. Kwa kijana ambaye miaka mingi siku yake yote ilikuwa kutafuta hela ya kete, ratiba hiyo peke yake ni tiba. Na kuna jambo ambalo hakuna daktari anayeweza kumpa: kukaa na mtu aliyelala maskani ile ile, kijiwe cha watumiaji, akaiba vile vile, na sasa ana miaka minane akiwa klini, yaani hatumii kabisa, na familia yake inamwachia funguo.

Upande wa metadoni, siku ina dakika chache tu za tiba. Mgonjwa anafika kliniki, anatajwa, anapewa kikombe kidogo dirishani, anakunywa mbele ya mtoa dawa, anaongea au anakunywa maji ili ionekane amemeza, anaondoka. Saa zote zilizobaki yuko mtaani kwake, na maskani iko njiani. Huo ndio udhaifu wanaoutaja watu wa soba, na ni wa kweli. Lakini uangalie pia kwa upande wa pili: huyu mtu analala kwake, anaweza kufungua genge lake la nyanya saa tatu, anawaona watoto wake, na anajifunza kuishi bila kete mahali pale pale atakapoishi maisha yake yote. Kliniki zina wauguzi na washauri, na hapo hapo huweza kupimwa VVU, homa ya ini na kifua kikuu, magonjwa yanayowaandama sana wanaojidunga.

Hapo kwenye kifua kikuu nisimame kidogo, kwa kuwa familia hazielezwi. Rifampisini, dawa kubwa ya TB, huifanya metadoni iishe haraka mwilini. Mgonjwa aliyekuwa ametulia anaanza arosto upya, na ndugu wanadhani anatafuta kisingizio. Anatakiwa kuongezewa dozi, na daktari akijua mapema huiongeza. Baadhi ya dawa za VVU nazo huleta tatizo hilo. Kwa anayekwenda soba hausi, swali ni jingine: nani atamtunzia na kumpa ARV au dozi yake ya TB kila siku? Nyumba ikikujibu kwamba "hapa tunaacha dawa zote," mtoe mtu wako hapo.

Siku ya kutoka

Mtumiaji wa kila siku mwili wake umezoea. Kiasi anachokibwia yeye asubuhi kingemuua mtu mwingine. Akikaa miezi minne soba hausi, mwili unarudi ulivyokuwa kabla ya yote. Kichwa hakirudi. Kichwa kinakumbuka kiasi kile kile cha zamani. Anatoka, anapokelewa kwa pilau, wiki mbili za heshima zinapita, kazi hakuna, siku moja anakutana na mwenzake wa zamani, "moja tu." Anachukua kipimo chake cha siku zile. Anapatikana chooni.

Kwa hiyo sifa kubwa ya soba hausi, kumsafisha mtu kabisa, ndiyo inayomweka hatarini kama nyuma yake hakuna kitu. Metadoni haina tatizo hilo kwa kiasi hicho maadamu mgonjwa anaendelea kunywa, kwa sababu mwili wake unabaki umezoea. Uchambuzi uliochapishwa kwenye jarida la tiba la BMJ mwaka 2017, uliojumlisha tafiti 19 za nchi mbalimbali, ulikuta kwamba watu wakiwa kwenye metadoni walikufa 11.3 kati ya kila 1,000 kwa mwaka. Wakishaiacha, idadi ilipanda hadi 36.1, na hatari ilikuwa kali zaidi wiki nne za mwanzo baada ya kuacha. Ona kwamba nayo metadoni ina siku yake ya kutoka. Mgonjwa anayekata dozi ghafla kwa sababu nauli imeisha, au kwa sababu mama mkwe kasema "bado ni teja tu huyo," anaingia kwenye hatari ile ile. Kuiacha kunafanywa taratibu, kwa miezi, pamoja na daktari, na wengi inawafaa kuitumia miaka. Chini ya mwaka mmoja ni kidogo mno.

Naijua hoja ya watu wa soba kwamba anayekunywa metadoni hajaacha, amebadilisha kilevi tu. Wanaosema hivyo wengi ni watu ninaowaheshimu, wameokoa vijana ambao hospitali ilishawakatia tamaa, na wao wenyewe waliacha bila kikombe chochote. Lakini siikubali. Mtu anayekunywa dawa yake asubuhi, haibi, hajidungi, anafanya kazi na analea, huyo amepona kwa maana yoyote inayomhusu mama yake. Soba hausi zinazowafukuza au kuwadharau walio kwenye metadoni zinapunguza njia kwa watu ambao hawana njia nyingi.

Marekani, ambako mfumo huu ulikoanzia, nyumba ya namna hii huwa ni hatua ya baadaye. Mtu kwanza anatibiwa, kisha anahamia kwenye nyumba ya watu walioacha. Mfano maarufu ni Oxford House, iliyoanza 1975 Silver Spring, Maryland, pale wakazi wa nyumba moja ya mpito iliyokuwa inafungwa, akiwemo J. Paul Molloy, walipoamua kuikodi na kuiendesha wenyewe. Hakuna meneja wala mshauri ndani. Wakazi wanachagua viongozi wao, wanagawana kodi na bili, mchana wanakwenda kazini, na anayerudia kutumia anaondoka mara moja. Asiyerudia hana tarehe ya kutoka. Mtafiti Leonard Jason wa Chuo Kikuu cha DePaul, Chicago, na wenzake waliwafuatilia watu 150 waliomaliza matibabu, nusu wakapangiwa Oxford House kwa bahati nasibu na nusu wakarudi kwenye utaratibu wa kawaida. Baada ya miaka miwili, waliokuwa wanatumia tena upande wa Oxford House walikuwa asilimia 31, na upande wa pili asilimia 65 hivi.

Zetu zimebeba jina lile lile huku zikifanya kazi nyingine. Zinapokea mtu akiwa kwenye arosto, zinamsafisha, zinamfundisha, halafu zinamrudisha Mburahati au Kisauni kwa mkupuo mmoja. Kile kipande cha kati, nyumba ya kukaa ukienda kazini na kurudi kwa wenzako jioni, mara nyingi hakipo. Nyumba nzuri zimekiziba kwa namna yao: wanaomaliza wanabaki kama wasaidizi, wanapewa kazi ya kupokea wapya, au wanarudi kila siku kwa mkutano wa jioni. Hicho ndicho unachokwenda kukitafuta ukiitembelea nyumba. Mazungumzo yenyewe hayahitaji zaidi ya haya:

"Shikamoo mama, karibu."

"Marahaba mwanangu. Nimeona vyumba, nimeona jiko, mashallah. Sasa siku huyu anatoka hapa, mnamfanyia nini?"

Meneja akisema, "Mama, akitoka hapa amepona, inshallah," mshukuru, aga. Akisema, "Akitoka tunampa sponsa, mwenzake aliyeacha zamani wa kumsimamia, anakuja mkutanoni kila jioni miezi mitatu ya kwanza, akikosa siku mbili tunamfuata nyumbani, na akianguka atupigie, hatumfukuzi mtu mlangoni," hapo kaa chini mzungumze bei.

Bei, umbali, na wanawake

Soba hausi nyingi huendeshwa kwa ada ya mwezi inayolipwa na familia, na ada hutofautiana sana. Ulizeni kabla: ikichelewa mwezi mmoja atafanywaje? Kuna vijana wametolewa wiki ya tano kwa sababu ndugu aliyeahidi kuchangia alikaa kimya, na kumtoa mtu wiki ya tano ni kumtoa wakati mbaya kuliko yote. Afadhali msianze mpaka hela ya muda wote ijulikane itatoka wapi. Metadoni kwenye kliniki za serikali ni bure, lakini nauli ya kila siku, kwenda na kurudi, ndiyo ada yake, na asiye na kliniki mkoani kwake ni kama hana njia hiyo. Vituo vingine huwaruhusu waliotulia kupewa dozi za kwenda nazo nyumbani. Ulizeni. Dozi hizo zifungiwe kabatini, maana mtoto mdogo akionja anaweza kufa.

Kwa wanawake hali ni ngumu pande zote. Nyumba zinazowapokea ni chache mno ukilinganisha na za wanaume, na mwenye mtoto mchanga hana pa kumwacha. Mjamzito anayetumia heroini asikatishwe ghafla, arosto inaweza kuharibu mimba. Kwake metadoni chini ya daktari ndiyo inayopendekezwa, na hapo sioni haja ya kulinganisha.

Pa kuondoka haraka

Nyumba inayofunga watu minyororo au kuwachapa, ondoka, hata kama mgonjwa mwenyewe kakuudhi kiasi gani. Inayokataza familia kuonana na mtu wao baada ya wiki za mwanzo kupita, ondoka. Isiyo na kibali, vivyo hivyo. Tanzania Bara ulizia kwa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, namba 119 bila malipo; Kenya ni NACADA, 1192. Watakuelekeza pia kliniki ya metadoni iliyo karibu.

Na nyumba yoyote, kliniki yoyote, ulizeni kama wana naloksoni, dawa inayorudisha pumzi za aliyezidisha heroini. Nyumbani nako kila mtu ajue dalili: anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, midomo inageuka rangi, ukimwita haitikii. Mlaze ubavu, kama hapumui mpulizie pumzi, mkimbizeni hospitali na mseme wazi katumia nini. Msimmwagie maji, msimnyweshe maziwa, msimdunge maji ya chumvi.

Ningechagua nini mimi

Kijana wa heroini anayejidunga kwa miaka, ameshapita soba mara mbili na kurudi: metadoni, bila kusita, na mikutano ya NA jioni kama ataipenda. Mwenye mwaka mmoja tu wa kubwia, ana familia yenye uwezo na anataka mwenyewe kuacha kabisa: soba hausi yenye mpango wa kutoka, na kliniki ya metadoni ijulikane iko wapi kabla hajaingia. Wa pombe: hospitali siku za kwanza, kisha soba hausi. Asiye na makazi, anayelala maskani, ndiye anayenipa shida zaidi kuchagua, kwa sababu metadoni peke yake itamrudisha maskani kila jioni na soba peke yake itamrudisha miezi minne baadaye. Huyo ningemtafutia soba hausi iliyo tayari kumpokea akiwa anakunywa metadoni. Zipo, ni chache, na asasi zinazopita maskani kuwaandikisha watu kwenye metadoni ndizo zinazojua ni zipi, basi waulizeni hao kwanza.

Baba anayesisitiza kijijini, msikilizeni, ana haki ya kutaka mwanawe awe mbali na maskani. Ila aulizwe na yeye: siku akirudi mjini, atafikia kwa nani?